Mama Viota na Sokwe Aliowapangia Wageni

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Msaidizi wa Mipango wa kituo chetu anarudisha funguo za chumba chake na kustaafu, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi. Kamati ya sherehe ilitenga ukurasa mmoja wa kijitabu hiki kwa habari zake. Ukurasa mmoja kwa miaka ishirini na tisa ni sawa na mistari miwili kwa mwaka, pamoja na picha. Nimezidisha. Wanaoona maandishi haya ni marefu wapunguze hotuba.

Wengi humjua kwa jina la Mama Viota, na wageni hudhani ni jina la ukoo. Jina hilo lina kisa chake, na nitakifikia. Kwanza tuseme kazi yenyewe, maana wapo hata humu kituoni wasioijua.

Mtu anayepanga kwenda kuwaona sokwe msituni hufikiria kamera, viatu na koti la mvua. Hafikirii kwamba sokwe hawana anwani. Kila jioni hupanda juu, wakavunja matawi, wakatandika majani na kulala. Asubuhi huondoka, wala hawaagi. Wafuatiliaji wetu hukaa chini ya miti hiyo mpaka wahakikishe wamelala, kisha hutoa taarifa kwa redio: wako bonde gani, upande upi wa mto, wangapi wana watoto. Hapo ndipo Mama Viota alipoanza kazi. Njia ipi ifuatwe, muongozaji gani aende, gari liwashushe wapi, mchukuzi nani abebe mkoba wa yule bibi mwenye mgongo. Wageni wanane kwa kundi, hakuna wa tisa. Makundi mawili kwa siku. Saa moja tu mbele ya sokwe, barakoa usoni, chakula kibaki getini, na mwenye mafua abaki kabisa.

Mimi ni mtu wa stoo, nilianza hapa kwa kubeba mizigo ya wageni begani, na nimezoea kuhesabu. Wageni kumi na sita kwa siku, siku mia tatu kwa mwaka, mara miaka ishirini na saba aliyokaa kwenye mipango. Tuseme nusu ya nafasi zilikuwa tupu, maana tumepita misimu mibovu. Bado ni zaidi ya watu elfu sitini waliopita mikononi mwake. Hajapotea hata mmoja. Waliorudi na matope hadi masikioni ni wengi, lakini walirudi.

Alikuja kituoni kama mpiga chapa. Baada ya miaka miwili akahamishiwa chumba cha mipango, chumba chenye dirisha moja linalotazama maegesho ya magari, ramani ya msitu iliyojaa pini, birika la umeme na redio. Akapewa cheo cha Msaidizi wa Mipango. Anastaafu na cheo hicho hicho. Sasa naomba kuuliza, kwa heshima zote: alikuwa anamsaidia nani? Wakuu wa mipango wamekuja watatu na kuondoka watatu, kila mmoja amefundishwa kazi na msaidizi wake, na baina yao kiti kilikaa kitupu kwa jumla ya miaka kumi na moja. Katika miaka hiyo kumi na moja hakuna gari lililokosa kuondoka asubuhi. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Labda wao hawakuwahi kufanya kazi ofisini.

Yeye mwenyewe hakulalamika, na hilo lilituudhi zaidi. Ukimwambia dada, andika barua, anakuuliza kama umeshakagua mabuti ya kesho.

Alikuwa na mbinu zake. Kwa miaka mingi tulinung'unika kwamba wageni hulipia chini halafu hupandishwa ngazi kwenda kusikiliza maelekezo kwenye chumba cha juu, wakati chini kuna ukumbi mzuri tu. Kila mkurugenzi mpya alitaka kuhamisha maelekezo yaje chini, na kila mara Mama Viota alisema juu kuna hewa. Hewa gani, na dirisha la huko juu halifunguki? Mpaka siku moja nilisimama naye mlangoni kwake, wageni wakipanda, nikamsikia akinong'ona peke yake: "Huyu polepole. Huyu polepole. Huyu mbio. Huyu anajifanya mbio." Alikuwa anagawa makundi. Mtu akiandika kwenye fomu kwamba ana afya njema, yeye alisubiri ngazi zitoe ushahidi.

Mbinu hiyo iliwahi kumletea kesi. Walikuja bibi na bwana waliooana wiki iliyotangulia. Bibi alipanda ngazi kama swala, bwana akafika juu ameshika ukuta. Mama Viota akawatenga, bibi kundi la kwanza, bwana la pili. Bwana akaja juu: "Mama, mimi nimeoa juzi tu, unanitenganisha na mke wangu?" Akamjibu, "Mwanangu, nataka akurudie anakupenda. Ukimpandisha mlima ule akiwa anakusubiri kila kona, jioni utalala sebuleni." Walitenganishwa. Jioni walikutana maegeshoni wakakumbatiana kama watu waliotoka vitani, na kila mmoja alikuwa na hadithi ambayo mwenzake hakuiona.

Kwenye suala la mafua hakuwa na utani wala ndugu. Mafua ya kwetu ni ya kupiga chafya na kunywa maji ya moto. Kwa sokwe, mafua hayo hayo yanaweza kufyeka familia nzima. Kuna mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu, alikohoa kwenye ngazi akasema ni vumbi. Akakohoa tena akasema ni kicheko. Mama Viota akamvutia kiti karibu na redio, akamwekea chai, na mzee akashinda pale akisikiliza msafara ambao yeye angekuwamo. Asubuhi alikuwa na hasira ya kutaka kumshitaki. Mchana alikuwa anamsaidia kuchomeka pini kwenye ramani, na anakosoa njia.

Sasa jina. Katika miaka ishirini na tisa, Mama Viota hajawahi kumwona sokwe wa msituni hata mmoja.

Najua wageni waalikwa mtasoma mstari huo mara mbili. Kinyozi hajinyoi, lakini huyu wetu hata kioo hakukipata. Wageni wakiwa msituni lazima mtu awe kwenye redio, na mtu huyo alikuwa yeye. Alipopatiwa nafasi ya kupanda, mambo yaliharibika. Mara ya kwanza sokwe walivuka mto alfajiri, akakuta viota. Mara ya pili mvua ilishuka kana kwamba imetumwa, akakuta viota na majani bado mabichi. Mara ya tatu mgeni aliteguka kifundo cha mguu, naye akajitolea kumteremsha. Wenzake waliwaona sokwe kabla yeye hajafika barabarani. Mara ya nne aliitwa kwa redio arudi kwa sababu mkuu wa mipango wa wakati ule alikuwa amepeleka makundi mawili njia moja. Njiani alipita chini ya viota. Wafuatiliaji wakaanza kusema Mama Viota akipanda, sokwe huambiana. Jina likakaa.

Nyumbani nako hakupona. Mumewe ni fundi cherehani, mtu wa maneno. Huwaambia wateja wake kwamba mke wake ana waume wengine arobaini na wawili porini, anawapangia hadi wageni wa kuwatembelea, ila hawajaonana. Mama Viota hucheka pamoja nao. Lakini siku moja tukihesabu makoti ya mvua, mimi na yeye, alisema bila kuulizwa: "Nataka nimwone mmoja tu. Aniangalie. Nijue nilikuwa namfanyia nani kazi."

Maneno hayo ndiyo tuliyoyashika sisi wafanyakazi mwaka huu. Saa za ukutani tumeshatoa nyingi mno, kuna mstaafu mmoja ana mbili. Tukakubaliana zawadi yetu iwe safari: Mama Viota apande msituni kabla ya kustaafu, kama mgeni, nafasi moja kati ya nane, na redio akae mtu mwingine. Mkurugenzi alikubali siku hiyo hiyo. Nimeandika mabaya ya ofisi, lazima niandike na hilo.

Kumpangia safari mpangaji ni kazi ya adhabu. Tulichagua njia fupi, akaihamisha kwa sababu ina siafu msimu huu. Tukamchagulia muongozaji mcheshi, akataka mkimya. Alijipandisha ngazi mwenyewe, akarudi akasema yuko kundi la polepole. Lakini wiki hiyo alikuwa kama bibi harusi. Alikuja na mabuti mapya ya mpira, akawa anayavaa ofisini ili yazoee miguu.

Jioni ya kuamkia safari tulikuwa watu watatu chumbani kwake tukisubiri taarifa. Mkuu wa wafuatiliaji ni bwana tunayemwita Sikio, kwa sababu husikia sokwe akimenya tunda bonde la pili. Amefanya kazi na Mama Viota miaka ishirini, karibu yote kwa redio, na humwita dada. Desturi ya taarifa zake ni moja. Husema wamelala wapi, kisha humalizia: "Kesho tutaona." Hajawahi kuahidi. Hakuna mfuatiliaji wetu anayeahidi, kwa sababu Mama Viota aliwafundisha kila aliyeajiriwa: ahadi ni deni, na sokwe hawadaiwi.

Jioni ile Sikio alisema: "Dada, kesho saa tatu utawaona. Pale kwenye daraja la miti. Njoo na kamera."

Sisi wengine tulipiga makofi. Mama Viota hakupiga. Aliiangalia redio kama mtu anayemwangalia mtoto aliyenawa mikono bila kuambiwa. Kisha akabonyeza. "Sikio, tangu lini sokwe wanakupa ratiba?"

"Dada, wewe vaa viatu tu uje."

"Mmeweka nini pale darajani?"

Tulisikia tu mkwaruzo, na mbali kidogo mtu akisema "mwambie, mwambie tu." Kisha Sikio, kwa sauti ya mtu mdogo: "Ndizi, dada."

"Nyingi?"

"Mikungu miwili. Mbivu."

Kwa mgeni huenda hili likaonekana jambo dogo, hata la upendo. Lilikuwa la upendo. Lakini sokwe akishazoea kwamba palipo na binadamu pana ndizi, hatangoja aletewe. Atazifuata mashambani, na huko kuna mbwa na mapanga. Tena tunda lililoshikwa na mikono yetu hubeba mafua yetu. Sikio analijua hilo kuliko mimi. Yeye ndiye huwaeleza wageni getini, wakati wakikaguliwa mifuko. Katika miaka ishirini hajawahi kumruhusu mtu avuke hata na pipi. Akavuka yeye na mikungu miwili, kwa sababu alichoka kumwona dada yake akirudi na habari za viota.

Tulitegemea Mama Viota afoke. Aliuliza kama sokwe wameshazigusa. Bado, wamelala mbali, ng'ambo ya kilima. Akasema vizuri, alfajiri tunakwenda kuzitoa. Kisha akachukua simu akampigia muuguzi mmoja aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri, akamwambia imepatikana nafasi ya nane, aje na soksi ndefu. Hiyo nafasi ya nane ilikuwa yake. Nilimuuliza anafanya nini. "Kesho nina kazi," akasema. "Mwenye kazi hawezi kuwa mgeni."

Nilikwenda naye, maana mikungu miwili inahitaji bega, na bega langu halijasahau. Tulipanda alfajiri. Msitu ulikuwa unadondosha maji ya usiku, kila jani lina zamu yake. Kwenye daraja la miti tulimkuta Sikio amesimama kando ya ndizi zake, kofia mkononi, mwili mkubwa namna ile umenywea. Hawakusalimiana kwa mkono. Mama Viota aliangalia ndizi, akaangalia namna zilivyofungwa kwenye tawi, akasema, "Umezifunga vizuri." Basi Sikio akageuka akajifanya anatafuta kisu.

Tulikuwa tumezitia kwenye magunia, tunageuka kushuka, ngoma ikaanza.

Asiyewahi kuisikia anajua vipi? Kuna miti mle ambayo mizizi yake imesimama juu ya ardhi kama kuta, na sokwe dume akifika hupiga kuta hizo kwa mikono na miguu mpaka unaisikia kifuani. Kisha wote wakapiga ukelele, mmoja akianzisha, wengine wakipokea, ukipanda na kupanda. Walikuwa karibu. Sikio hakuhitaji hata kuinamisha kichwa. "Dada, wamevuka kilima. Wapo hapo chini. Hujamaliza kikombe cha chai umefika. Twende."

Niliuona uso wa Mama Viota. Alishapiga hatua, mguu ulikuwa hewani. Kisha akaurudisha, akachukua redio ya Sikio akamwita muongozaji. Kundi liko wapi? Muongozaji akajibu kwa kunong'ona, furaha imemjaa: tupo nao, Mama, wako hapa, na watoto wao pia. Wageni wangapi? Wanane. Wote wamevaa barakoa? Wote.

"Haya. Msizidishe muda," akasema, akamrudishia Sikio redio, akakaa juu ya mzizi.

Nilikasirika. Nilisema maneno ambayo kamati isingeyachapa. Nilimwambia miaka ishirini na tisa, dada, mtu mmoja wa ziada, kwa dakika moja, nani atahesabu? Akanijibu taratibu, bila kunitazama, kwa sababu alikuwa anawasikiliza sokwe: "Watahesabu wao."

Tukakaa. Ngoma ilipigwa mara nyingine, mbali kidogo. Mtoto mmoja wa sokwe alikuwa analia, kilio cha kunyimwa kitu, na Mama Viota akacheka akiziba mdomo. Sikio akaanza kumweleza kwa sauti ya chini kila kilichosikika: huyo ni dume mkubwa, yule anayemjibu ni mdogo wake, huyo mama yupo juu ya mkuyu. Yeye akawa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayetambulishwa kwa ukweni. Muda wa kundi ulipokwisha, sokwe nao walikuwa wamehama. Tukabeba magunia tukashuka.

Kesho yake alimtaka Sikio awaambie wafuatiliaji wenzake mwenyewe alichofanya na kwa nini si sawa. Hakupeleka habari kwa mkurugenzi. Sikio alisema yote, amesimama wima. Alipomaliza hakuna aliyecheka, na hao ni watu wanaocheka hata mazishini. Ninaandika hili kijitabuni kwa ruhusa ya Sikio. Aliniambia, "Andika, wasije wakafikiri dada alikosa bahati tena."

Anamwachia kazi binti aliyemfundisha kwa miaka minne, ambaye ameshaanza kuwatazama wageni wakipanda ngazi. Ombi langu kwa uongozi ni moja na halihitaji kikao: huyo binti aitwe Mkuu wa Mipango kuanzia asubuhi ya tarehe mosi Julai, siku ambayo atakuwa anaifanya kazi hiyo. Mama Viota hakuniomba niliseme. Ndiyo maana nalisema.

Tunamshukuru kwa wageni wote aliowarudisha salama. Tunamshukuru kwa sokwe arobaini na wawili, ambao wakati anaanza walikuwa ishirini na sita, na tofauti hiyo ya kumi na sita naomba isomwe kwa sauti siku ya sherehe. Mumewe na watoto wake tunawashukuru kwa kutuazima mtu ambaye hata siku za mapumziko aliuliza mvua imenyesha upande gani.

Baada ya kustaafu anakuwa mgeni kama wageni wengine, na Jumatatu iliyopita alishuka dirisha la chini, akapanga foleni, akalipia nafasi. Amechagua mwezi wa mvua kubwa, wakati wateja wengi hukimbia na yeyote mwenye akili hukaa nyumbani, kwa sababu miezi mizuri imejaa na alikataa kata kata kumtoa mtu. Karani alimuuliza, kama tunavyowauliza wote, kama anaelewa kwamba anaweza kupanda na kushuka bila kuona kitu. Akasema anaelewa. Sikio ameshabadilisha zamu yake ili awepo wiki hiyo.

Basi pumzika, dada. Lala mpaka jua likuamshe, kunywa chai ikiwa bado ya moto, umsumbue fundi cherehani wako mchana kutwa. Afya iwe kwako, amani iwe nyumbani kwako. Ukifika mwezi wa mvua, mabuti yako yatakuwa stoo kwangu, makavu, na nafasi ya nane ina jina lako.